Baiskeli Bila Mzigo

Nilikwenda kumzika Nestori nikiwa nimekaa nyuma ya bajaji, miguu imevimba ndani ya ndara, na kijana dereva akiniuliza kila tulipovuka shimo kama naumia. Nilimwambia siumii. Nilikuwa naiangalia barabara ya Katumba, barabara niliyoikwepa miaka mingi kwa visingizio vya kila aina, na nilikuwa nikiipima kwa macho: hapa tulikuwa tunashuka na kusukuma, hapa hatukushuka, hapa tuliachia breki. Muda si mrefu kabla ya hapo daktari wa kliniki ya sukari, kijana mwenye adabu, alinishauri nitafute baiskeli. Alisema ingenisaidia presha, ingenipa usingizi, ingelegeza magoti na kunituliza mawazo. Alinieleza polepole, kama anayemwelekeza mgeni mji ambako mgeni huyo ndiko alikotoka. Nikamjibu kwamba nimeshazeeka, akaniandikia dawa. Ningeweza mimi kumweleza faida za baiskeli mpaka wagonjwa wa foleni wakasinzia pale nje, maana nilizipata zote kwa mwaka mmoja, kisha nikaziacha kwa hiari yangu, kwa sababu sikuweza tena kukanyaga pedeli bila kumkumbuka mtu niliyemwacha njiani.

Mwaka huo ulikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mpanda ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa, na mimi nilikuwa karani wa ghala la tumbaku, nina cheti cha kidato cha nne na chumba kimoja cha kupanga mtaa wa Nsemulwa. Chumbani kulikuwa na kitanda, meza, jiko la mkaa na baiskeli. Baiskeli ililala ndani, kati ya kitanda na ukuta, hata ukitaka kutoka ilibidi uipite kwa ubavu, na mke wangu Paskazia alizoea kuanika kanga zake kwenye usukani. Kabla ya kuinunua nilikuwa silali. Vumbi la tumbaku lilinikaa kifuani, kichwa kiligonga tangu alasiri, na nilifika nyumbani nikigombana hata na sufuria. Nilianza kuzunguka na baiskeli baada ya kazi kwa sababu tu sikutaka kufika mapema. Nikaenda mpaka daraja la kwanza nje ya mji, siku nyingine mpaka la pili, nikarudi nimelowa jasho na nina njaa ya kweli. Haukupita muda kikohozi kikapungua. Nikalala. Nikaanza kucheka na Paskazia alipokuwa akisimulia mambo ya bombani, badala ya kumwambia anyamaze. Juzi ameniambia, bila kuulizwa, kwamba mwaka ule ndio pekee alioishi na mtu mzuri, kisha akaendelea kuchambua mchele.

Watu hawakuelewa. Baiskeli ya Mpanda ilikuwa punda. Ilibeba mkaa, mihogo, magunia, wagonjwa, mabati ya kuezekea. Mtu kuiendesha tupu, jioni, kuelekea porini na kurudi bila hata kuni, lilikuwa jambo la kujadiliwa. Kupitia ukuta nilimsikia jirani yetu, Mama Kulwa, akiwaambia wenzake kwamba kila jioni karani anakwenda kuchota upepo, na siku akirudi na debe limejaa atawapimia. Mwingine akasema upepo gani, huyo ana mwanamke Kawajense. Paskazia, aliyekuwa anamenya viazi pamoja nao, akauliza ni mwanamke gani atampokea mtu anayefika anahema namna ile. Walicheka mpaka na mimi kitandani nikacheka. Barabarani ndiko kulikuwa kugumu. Kwetu salamu ya njiani haijaisha mpaka mmeulizana mnakokwenda, na mimi sikuwa na jibu. Nikisema natembea tu, mtu alinitazama kama niliyemficha msiba.

Nestori hakunitazama hivyo. Alikuwa mkulima wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, na Jumamosi alileta maharage sokoni kwa kibali. Siku zile mkimbizi hakutoka makazini bila karatasi ya ofisi inayosema anakwenda wapi, kwa sababu gani, na anarudi lini. Jumamosi moja mchana nilikuwa natoka mjini kwa raha zangu nikapitwa na mtu mwembamba aliyekunja suruali, kerieni yake tupu, anaimba. Nikamfukuza. Aligeuka, akaniona, akaongeza mwendo. Tulifukuzana hivyo mpaka mapafu yakagoma, tukajitupa kwenye majani kama watoto. Alipopata pumzi akaniuliza ninakwenda wapi. Nikasema siendi popote. Akasema basi njia yetu ni moja, maana yeye akishauza maharage, nyumbani kunakuwa kisingizio tu. Alisema asubuhi, na gunia nyuma, yeye ndiye mfanyakazi wa baiskeli. Mchana, ikiwa tupu, baiskeli ndiyo inamfanyia kazi yeye.

Tangu siku hiyo Jumamosi ilikuwa yetu. Nilimsindikiza mpaka kwake, nikala, kisha nikarudi mjini peke yangu jua likiwa limelala. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya udongo, imepakwa vizuri, na sebuleni kulikuwa na benchi, mkeka na picha ya Bikira Maria iliyokatwa kwenye kalenda. Mkewe, Mama Jenerosa, alitupikia ugali wa muhogo na maharage yenye mawese, siku nyingine isombe, kisamvu kilichotwangwa mpaka kikawa laini kama uji. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mimi hakunizoea haraka. Alimwambia mumewe kwa Kirundi, na yeye akanitafsiria akicheka, kwamba wanaume wawili waliochoka bila kulima wanakula kuliko waliolima. Binti yao Jenerosa alikuwa anatambaa, na alipenda kuzungusha pedeli ya baiskeli iliyogeuzwa juu chini. Nestori aliniita mugenzi, yaani mwenzangu. Sijaitwa jina zuri kuliko hilo, na nimewahi kuitwa mheshimiwa.

Kwenye mkeka ule ndipo yalipoanzia mazungumzo ya ziwa. Nestori alikuwa amelivuka Tanganyika akiwa mtoto, amefungwa mgongoni kwa mama yake, uso umefunikwa kitenge ili asilie. Alivuka ziwa zima na hakuliona. Baada ya hapo ilikuwa lori, pori, na makazi. Mama yake alikuwa akimwambia kwamba maji yale hayana ng'ambo, na yeye alikuwa mtu mzima sasa, ana mke na shamba, na bado aliyafikiria. Nikamwambia Ikola, kijiji cha wavuvi ufukweni, si mbali kwa miguu tuliyokuwa nayo. Siku mbili kwenda, tukilala Kasekese, na mbili kurudi. Tukaanza kujiandaa. Tuliongeza mwendo kila wiki, tukajifunza kunywa maji kidogo kidogo, tukajua mlima unapandwa kwa kutoutazama. Nilikuwa na mapaja kama ya mcheza mpira. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo nikiwa na hamu ya siku.

Nestori alikwenda ofisini kuomba kibali cha Ikola. Karani wa kule akamuuliza sababu. Akasema ni kuendesha baiskeli na kuliona ziwa. Karani alicheka, akamwambia baiskeli si sababu, baiskeli ni chombo. Aandike ana mgonjwa, au msiba, au biashara. Nestori alikataa. Aliniambia hana mgonjwa Ikola, na akimwandika mtu kuwa anaumwa wakati ni mzima atakuwa amemwombea ugonjwa. Nilimcheka kwa hilo, na nina aibu kwamba nilimcheka. Kisha akapata wazo lake mwenyewe. Abebe gunia la maharage, akaliuze Ikola kweli, maana wavuvi hawalimi. Hapo itakuwa biashara na hatakuwa amedanganya mtu. Aliniletea wazo hilo nyumbani Nsemulwa, amefurahi, na Paskazia akasema ndiyo, huyo ana akili.

Mimi nikakataa. Nakumbuka nilivyokaa, mguu juu ya mguu, pembeni ya kitanda.

"Gunia litatuchelewesha," nilisema. "Kule kuna milima. Tulisema tunakwenda na baiskeli tupu."

"Mugenzi, bila gunia sina kibali."

"Nani atakuuliza? Ukiwa na mimi nani atakuuliza?"

Aliangalia sakafu, akatabasamu. Alisema kama ninasema hivyo, sawa. Kilichonisukuma nakijua, maana nimepata muda mrefu wa kukichunguza. Nilitaka kushindana naye kwenye mteremko wa ziwa, na nilitaka kushinda kwa haki, kerieni zote zikiwa tupu. Na pale kwenye neno "ukiwa na mimi" palikuwa na majivuno ya mtu mwenye nchi kwa asiye nayo. Sikuyaona wakati ule. Nilidhani ni urafiki.

Tulikwenda mwezi wa saba, baridi, barabara ngumu na nyekundu. Siku ya kwanza sijui niielezeje bila kuonekana natunga. Miombo ilikuwa imeanza kupukutika, mnyororo ulilia sauti moja saa nzima, tukizungumza au tusizungumze. Jioni tukafika Kasekese tukaomba mahali pa kulala kwa Msukuma mmoja aliyehamia na ng'ombe wake, Mzee Masanja. Alitukaribisha, akatazama baiskeli zetu mbele na nyuma, akatuuliza ng'ombe wetu wamepotea lini. Tukasema hatutafuti ng'ombe. Akauliza kama tunafuata mke aliyekimbia. Nestori akamjibu kwamba wake zetu wapo, sisi ndio tuliokimbia. Mzee alicheka sana, lakini wakati wa kula, tukimega ugali na maziwa ya mgando, alirudia tena jambo lile kwa utulivu. Alisema mtu anayetoka mbali hivi bila mzigo na bila shida anatisha watu. Huku karibu na ziwa, na vita vya ng'ambo, wangetuuliza. Akatupa shauri tubebe hata magunzi ya mahindi kwenye kiroba. Nestori alinitazama. Nikasema asante mzee, tutafika tu.

Kesho yake, ziwa likiwa limebaki mteremko wa mwisho, tukakuta kamba imevutwa barabarani kati ya miti miwili. Askari mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda, na mgambo wawili. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja alikuwa anakula muhogo wa kuchoma na alitukaribisha. Askari akauliza tumebeba nini. Hatujabeba kitu. Tunakwenda kuchukua nini? Hatuchukui kitu. Akainuka kwenye kigoda, akagusa kerieni yangu kwa kidole, kisha ya Nestori, kama anayetafuta vumbi la unga. Alisema hajawahi kuona baiskeli imetoka Mpanda tupu na inarudi Mpanda tupu. Akaomba vitambulisho. Mimi nikatoa cha kazi. Nestori akatoa kadi ya makazi, na akaulizwa kibali, na akasema ukweli kwamba hana.

Askari alinirudishia changu. "Wewe pita," alisema. "Huyu atakaa hapa, tutamrudisha kwao."

Nikajitetea kidogo. Nilisema ni rafiki yangu, ni mkulima, ni mtu wa kanisa. Askari akasema hata yeye anaona ni mtu mzuri, ila karatasi hana. Nestori alikuwa ameshakaa chini kando ya kamba, baiskeli yake imeegemea mti. Aliponiona nimesimama tu, akanionea huruma, yeye ndiye anionee mimi.

"Nenda, mugenzi," alisema. "Umeshafika. Nenda kaone, uje uniambie."

Nikaenda. Nilimwambia narudi sasa hivi, nikainamisha kichwa chini ya kamba, nikapanda. Kila nikisimulia mambo ya maisha yangu naruka hapa, kwa hiyo sasa nitasema lililokuwa. Ule mteremko ulikuwa raha kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa na mwili wangu. Niliachia breki. Upepo ulinijaza shati, machozi yakanitoka kwa mwendo, na kwenye kona moja miti ikafunguka na ziwa likawa limesimama mbele yangu kama ukuta wa buluu, juu kuliko nilivyotegemea, bila ng'ambo, kama mama yake alivyosema. Nilipiga kelele peke yangu. Nilifika Ikola nikavua viatu nikaingia majini na baiskeli, nikaiosha. Dagaa walikuwa wameanikwa mchangani, wanang'aa, na harufu yao ilikuwa kila mahali. Mama mmoja aliniuzia samaki, mgebuka wa kukaanga, na ugali, nikala nikaongeza. Kisha nikajilaza kivulini, pembeni ya mtumbwi uliopinduliwa, nikasema nitafumba macho kidogo tu, na nikalala usingizi mtamu ambao baiskeli ilinifundisha. Sikumfikiria Nestori. Mtu anaweza kudhani nilikuwa na uchungu wakati natafuna. Sikuwa nao. Nilikuwa na furaha.

Niliporudi juu, nikisukuma, jua lilikuwa limeinama na kamba ilikuwa imeshushwa. Mgambo akaniambia lori la mahindi lilikuwa linapita wakampakia, yeye na baiskeli yake. Akaongeza kwamba jamaa alinisubiri sana. Aliwaomba lori lingoje kidogo.

Walimweka ndani siku kadhaa, kisha wakamrudisha Katumba na kumnyima vibali kwa muda mrefu. Maharage ya msimu ule aliwauzia walanguzi waliofika makazini, kwa bei waliyotaka wao. Haya niliyasikia sokoni. Mwenyewe nilikwenda baada ya wiki kama mbili, na nilikwenda kwa sababu Paskazia alikataa kunipikia mpaka niende. Sebule ilikuwa imejaa: majirani, shemeji zake, mzee wa kanisa. Hakuna aliyenipisha kwenye benchi. Mama Jenerosa aliitikia salamu yangu akiwa ameangalia ukuta. Nestori peke yake ndiye aliyesimama, amekonda, akanishika mikono yote miwili na kuniuliza kabla ya yote, "Enhe, ziwa likoje?"

Alikuwa amelisubiri jibu hilo mahabusu. Lilikuwa ndilo pekee ningeweza kumpa, na nilikuwa nalo lote, ile kona, ule ukuta wa buluu. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, na mkewe akawa amegeuka kunisikiliza.

"Sikufika," nilisema. "Nilikwenda kidogo, nikaona haina maana bila wewe. Nikageuza. Nikakuta wameshakuchukua."

Sebule ikalainika palepale. Mzee wa kanisa akasema Mungu mkubwa. Mtu akanipisha kwenye benchi. Mama Jenerosa akatoka nje, na baadaye nikasikia kuku akikamatwa. Nestori alilia, akasema amenikosesha ziwa, nimsamehe. Ndivyo alivyosema, nimsamehe. Akasema basi limebaki letu wote wawili, tutakwenda pamoja siku ikiruhusu. Kuku alipoiva nilipewa firigisi, nikaila.

Sikupanda baiskeli tena isipokuwa kwa kwenda dukani, na mwaka uliofuata nikaiuza nikanunua pikipiki. Kifua kikarudi, usingizi ukaondoka, tumbo likaja. Nestori alikuwa akinitumia salamu kwa watu: mwambieni mugenzi pumzi bado zipo. Nikajibu nina kazi nyingi. Miaka ikaenda, watu wa Katumba wakapewa uraia, vibali vikaisha, na salamu zikaja tena, safari hii kwa simu. Nikasema goti. Ukweli ni kwamba niliogopa kusimama naye kwenye kona ile nikijifanya nashangaa. Nilijiambia kwamba sasa ana uhuru wake, atakwenda mwenyewe wakati wowote, na ziwa haliendi popote. Hilo lilinipa nafuu. Nilidhani ameshakwenda zamani.

Baada ya mazishi walitukalisha wazee uani, chini ya turubai. Jenerosa, yule aliyekuwa akizungusha pedeli, sasa ni mtu mzima, mama wa watoto, na anafanya biashara ya dagaa. Alikuwa anapita na sufuria na upawa akitupakulia. Alipofika kwangu akachuchumaa, akaniita baba mkubwa, akanishukuru kwa kuja na hali yangu ile. Nikamuuliza kuhusu biashara, ili nisizungumze juu ya marehemu. Akasema inaenda, anakwenda Ikola kila anapoishiwa mzigo.

"Baba nilimwambia mara nyingi, panda gari twende, asubuhi tu unaliona ziwa, jioni uko kitandani kwako. Alikataa mpaka mwisho. Hata alipokuwa anaumwa."

Nikamuuliza kwa nini.

"Si kwa ajili yako? Alisema kuna mtu aliliacha ziwa akiwa ameshalifikia, kwa ajili yake. Akasema yeye hawezi kumtangulia huyo mtu. Mtakwenda wote."

Pale uani watu walikuwa wanaongea, sahani zinagongana, na mlangoni Mama Jenerosa alikuwa amekaa kwenye mkeka kati ya wanawake, shuka limemfunika mabega.

"Mimi nililiona," nilisema. "Siku ileile. Nilimwacha pale kwenye kamba nikashuka mpaka Ikola. Nikala samaki, nikalala."

Jenerosa alibaki amechuchumaa. Alinitazama usoni na miguuni, kisha akageuza macho kule mlangoni alikokuwa mama yake.

"Mama usimwambie," alisema.

Akanipakulia maharage, akaniwekea na nyama, akahamia kwa mzee aliyefuata.